Zeolaiti: jiwe la majivu ya volkano na maji ya magadi (soma kabla hujanunua mfuko au kuwasha kinu)

Wiki hizi tatu nimeulizwa swali moja kwa namna nyingi: "Afisa, hii zeolaiti ni kitu gani? Na je, si ndiyo lile jiwe jeupe la kwenye makorongo yetu?" Wengi wanaouliza ni wakulima wa vitunguu upande wa Mang'ola, na wawili ni wafugaji wa kuku. Kuna wauzaji wanapita na mifuko ya unga wa kijivu, wanasema mfuko mmoja wa kilo 25 kwa eka unazuia urea isipotee. Na kuna kikundi kimeshaanza kuchangishana hela za kinu, wasage jiwe la kwao wenyewe badala ya kununua.

Kabla kinu hakijawashwa naomba tusome kidogo. Somo lina jiolojia ndani yake, lakini usiliruke, maana ukishajua jiwe limezaliwaje, utajua lina nini tumboni. Na hilo la tumboni ndilo litakalokufaa au kukuharibia shamba.

Jiwe linalochemka

Jina lilitolewa mwaka 1756 na mtaalamu wa madini wa Sweden, Axel Fredrik Cronstedt. Alichoma kipande cha madini kwa moto mkali akaona kinatokota na kutoa povu kama uji. Akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kuchemka na la jiwe. Kilichokuwa kinatokota ni maji yaliyojificha ndani.

Zeolaiti imejengwa kwa silika, alumini na oksijeni, vimeshikana vikaacha vyumba na vichochoro, kama sega la nyuki. Ndani ya vyumba hivyo mna maji pamoja na chembe za sodiamu, potasiamu au kalsiamu. Ukiyatoa maji kwa joto la wastani, nyumba inabaki imesimama. Na zile chembe ni wapangaji tu: zinaweza kutoka, nyingine zikaingia. Hapo ndipo mkulima anapoingia kwenye habari hii, kwa sababu amonia inayotokana na urea na samadi ni mmojawapo wa wapangaji wanaokubalika. Amonia ikishaingia, bakteria wa udongoni wanaoigeuza kuwa naitreti hawawezi kuifuata, kwa sababu kichochoro hakifiki hata nanomita 1 kwa upana, na bakteria ana kama nanomita 1,000. Kwa hiyo inakaa humo, inatoka kidogo kidogo kadiri maji ya udongo na mizizi vinavyoivuta.

Sasa, zeolaiti si moja. Za asili zinajulikana zaidi ya aina 40. Utakazozisikia humu ni klinoptilolaiti, filipsaiti, kabazaiti, erionaiti na analsimu. Usihangaike kuyakariri majina yote, ila hilo la erionaiti liweke kichwani, tutalirudia.

Kwa karibu miaka 200 wataalamu waliziona kama mapambo tu, fuwele nzuri zinazoota kwenye mapovu ya lava iliyoganda, za kuwekwa kwenye kabati la makumbusho. Ni baada ya vipimo vya eksirei kuenea, kuanzia miaka ya 1950, ndipo walipogundua kwamba tabaka nzima nzima za miamba ya mashapo, nyingine unene wa mita kadhaa, zimejaa zeolaiti. Chembe zenyewe ni ndogo mno, kwa macho unaona jiwe la kawaida tu, jeupe au la njano njano, jepesi mkononi. Watu walikuwa wakilipita kila siku.

Inazaliwaje

Inahitaji vitu viwili: kioo cha volkano na maji ya magadi.

Volkano ikilipuka, mwamba ulioyeyuka unarushwa juu na kupoa ghafla, kabla haujapata muda wa kujipanga kuwa madini. Unakuwa kioo, sawa na kioo cha chupa, lakini vipande vyake ni vidogo kuliko punje ya chumvi. Majivu ya volkano kwa sehemu kubwa ni hicho kioo. Yakianguka na kugandamana yanaitwa tufu. Na kioo ni kitu kisichotulia. Kikipata maji kinataka kugeuka kuwa kitu kingine. Kigeuke kuwa nini, hiyo inategemea maji.

Maji ya mvua, yenye asidi kidogo na yanayopita kwenda zake, yanaosha sodiamu na sehemu ya silika, alumini inabaki nyuma. Matokeo yake ni udongo wa mfinyanzi na ndugu zake. Ndiyo maana miteremko yenye mvua ya Meru na Kilimanjaro ina ule udongo mweusi, mwepesi, unaong'ang'ania fosforasi mpaka DAP yako haionekani. Ni majivu yale yale ya volkano, lakini zeolaiti humo usitegemee.

Shuka sasa bondeni, kwenye maji yasiyo na pa kutokea. Eyasi, Manyara, Natron, na Magadi kule Kenya, yote yanapokea maji na hayana mto wa kuyatoa. Maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano yanabeba sodiamu na kaboneti. Jua linayakausha. Kalsiamu ndiyo inayotangulia kujitoa, inaganda na kaboneti kuwa chokaa. Sodiamu inabaki na kaboneti iliyosalia, inazidi kukolea, na hayo sasa ndiyo magadi. pH inapita 9, sehemu nyingine inapita 10.

Kwenye pH hiyo mambo yanabadilika. Mama akitia magadi kwenye makande, mahindi na maharage vinalainika upesi, unajua mwenyewe. Majivu ya volkano kwenye ziwa la magadi nayo yanalainishwa. Silika inayeyuka, na alumini ambayo kwenye maji ya kawaida ni ngumu kuyeyuka nayo inayeyuka. Zikiwa zote mbili majini, pamoja na sodiamu na potasiamu nyingi, zinakutana tena zikajipanga upya kwa umbo la sega. Hiyo ndiyo zeolaiti. Wala si kazi ya mamilioni ya miaka kila mara: kwenye matabaka ya Ziwa Magadi, majivu ya miaka elfu chache tu yameshageuka. Kwenye maabara wanachukua majivu, wanayachanganya na magadi makali ya viwandani, wanayachemsha karibu nyuzi 100, na zeolaiti inaonekana ndani ya saa au siku chache.

Kuna jambo moja kwenye maziwa ya namna hii linalonivutia sana, nalo ni pete. Mwaka 1968 wanajiolojia wawili wa Marekani, Sheppard na Gude, walieleza ziwa la kale la Tecopa huko California, lililokauka zamani. Walifuata tabaka moja la tufu kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukingoni, mito ilikokuwa ikiingia na maji yakiwa matamu, majivu bado ni kioo. Ukisogea ndani ni zeolaiti. Ukifika katikati, chumvi ilikokolea kupita kiasi, zeolaiti nayo imekwisha kugeuka kuwa feldispa ya potasiamu, ambayo haibadilishani chembe na mtu. Kwa hiyo majivu ya mlipuko ule ule, yaliyoanguka siku ile ile, ukichimba hapa unapata kitu cha kufaa, ukichimba kilomita chache mbele unapata jiwe tu. Mkulima anayeniambia "jiwe ni lile lile, Afisa, rangi moja" naomba aufikirie mfano huu.

Olduvai

Sisi wa kaskazini tunao mfano wetu, na wanajiolojia wa dunia nzima wanaujua. Korongo la Olduvai, watu wanalijua kwa mafuvu. Mary Leakey alipata pale fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Lakini Mmarekani Richard Hay alikwenda pale kwa ajili ya miamba, na mwaka 1976 akachapisha kitabu kizima kuhusu jiolojia ya korongo hilo. Kabla ya hapo, 1966, alikuwa ameandika kitabu kingine kuhusu zeolaiti kwenye miamba ya mashapo, ambacho wataalamu walikitegemea kwa miaka mingi.

Matabaka ya chini ya Olduvai yana umri wa karibu miaka milioni 2 kuja huku. Wakati huo palikuwa na ziwa la magadi, lisilo na mto wa kutoka, likipanuka na kunywea kufuata mvua. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro zilimwaga majivu. Yaliyoanguka ziwani yaligeuka kuwa zeolaiti na feldispa. Yaliyoanguka upande wa mashariki, ambako vijito vya maji matamu vilishuka kutoka milimani, yamebaki kioo au yamegeuka mfinyanzi. Pete zile zile za Tecopa.

Lakini Hay aliona na jambo la pili, na hili linatugusa zaidi sisi watu wa udongo. Matabaka ya juu zaidi, yale mekundu mekundu, hayakuwa ziwani. Yalikuwa nchi kavu, udongo wa kawaida wenye nyasi. Nayo yana zeolaiti, hasa analsimu. Ilitokeaje? Magadi yalikuwa kwenye udongo wenyewe. Mvua kidogo inayeyusha magadi, inayashusha chini hatua chache, jua linayapandisha tena, na hivyo miaka na miaka. Na magadi yanaweza kuja kwa upepo pia: Oldoinyo Lengai ni volkano ya ajabu, lava yake ina kaboneti ya sodiamu, na majivu yake yanaruka mpaka mbugani. Waliokuwepo 2007 na 2008 wanayakumbuka yale majivu.

Maana yake ni kwamba kwenye ukanda wetu zeolaiti ni dalili ya magadi. Ukiikuta nyingi kwenye udongo au kwenye mwamba wa bondeni, ujue sodiamu ilitawala hapo. (Na tafadhali, nisisikie mtu amekwenda na sururu Olduvai. Ni hifadhi, tena Ngorongoro ni urithi wa dunia tangu 1979.)

Ziko njia nyingine za kuzaliwa, nazitaja kwa kifupi. Tufu nene ikikaa juu nchi kavu, maji yakipenya polepole kwenda chini, yanazidi kukolea njiani, na ukichimba unakuta kioo na mfinyanzi juu, klinoptilolaiti chini yake, analsimu chini zaidi. Machimbo mengi makubwa ya klinoptilolaiti duniani ni ya maji ya kupenya namna hii. Njia nyingine ni kuzikwa: mashapo yakifunikwa kilomita kadhaa, joto linafanya kazi, kama Coombs alivyoonyesha huko New Zealand mwaka 1954. Na chini ya bahari kuu filipsaiti inajitengeneza kwenye tope la sakafu.

Sasa turudi shambani

Muuzaji akikuambia "zeolaiti inashika mbolea", amesema kweli nusu. Nusu nyingine tuipigie hesabu.

Klinoptilolaiti nzuri ina uwezo wa kubadilishana chembe wa kama 100 hadi 200 kwa kipimo tunachotumia kwenye ripoti za udongo (sentimoli kwa kilo). Tuchukue 150. Hiyo ni sawa na gramu 21 za naitrojeni kwa kilo moja ya jiwe, tena ikiwa vyumba vyote vimejazwa amonia, jambo ambalo shambani halitokei. Mfuko wa kilo 25 basi unashika gramu 525, nusu kilo na kidogo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Ukitaka kuishika yote kwa mpigo unahitaji jiwe kilo 1,095, yaani zaidi ya tani moja. Kweli, vyumba vinajaa na kumwagwa tena na tena msimu wote, kwa hiyo faida si ya mara moja. Lakini mfuko mmoja kwa eka kuzuia urea isipotee, hapana. Hiyo ni biashara ya maneno.

Kwenye banda la kuku hesabu ni nzuri zaidi, kwa sababu eneo ni dogo na amonia imekusanyika mahali pamoja. Wajapani wametumia tufu yenye zeolaiti kupunguza harufu na unyevu wa samadi kwa miaka mingi. Ikishaloweka amonia, inaenda shambani pamoja na samadi. Hapo mimi sina ugomvi, mradi aina ya jiwe inajulikana.

La pili ni sodiamu. Zeolaiti iliyozaliwa kwenye ziwa la magadi mara nyingi wapangaji wake ni sodiamu. Ukiimwaga shambani, kila chembe ya amonia au potasiamu itakayoingia inamsukuma sodiamu mmoja nje. Kwa hesabu ile ile ya 150, jiwe lililojaa sodiamu tupu lina karibu gramu 35 za sodiamu kwa kilo, yaani kilo 35 kwa tani. Kwa mtu wa udongo mwekundu wa juu Karatu si balaa kubwa. Kwa mtu wa Mang'ola, ambaye udongo wake unajenga ukoko mweupe kiangazi na maji yanatuama juu kama kwenye sakafu, hiyo ni kuongeza petroli kwenye moto. Sodiamu ndiyo inayovunja udongo ukawa tope lisilopitisha maji. Dawa yake ni kalsiamu, kama jasi inayochimbwa Makanya, Same, ikifuatana na maji mazuri na mtaro wa kuyatoa. Vipimo vya udongo kwanza, ndipo ujue jasi kiasi gani.

Kuna jambo zuri hapa la kusema pia. Zeolaiti yenye potasiamu au amonia, ikichanganywa na fosfeti ya mawe, inanyonya kalsiamu inayotoka kwenye fosfeti, na hivyo fosfeti inazidi kuyeyuka. Ilithibitishwa kwenye majaribio ya miaka ya 1980. Fosfeti ya Minjingu tunayo mlangoni, nayo ni mashapo ya Ziwa Manyara la kale. Hilo ningependa kuona likijaribiwa kwenye udongo wetu wenye asidi. Lakini linataka jiwe lenye mpangaji sahihi.

La tatu ndilo lililonifanya niandike usiku huu badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Erionaiti.

Erionaiti ni zeolaiti yenye umbo la nyuzi, nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Inazaliwa kwenye mazingira yale yale: majivu ya volkano, ziwa la magadi. Imekutwa Olduvai. Imekutwa kwenye matabaka ya Ziwa Magadi. Nyuzi zake zikiruka na vumbi zinaingia kwenye mapafu na hazitoki. Huko Uturuki, jimbo la Kapadokia, kuna vijiji vya Karain na Tuzköy ambavyo watu walichonga nyumba kwenye tufu na kujengea mawe yake. Miaka ya 1970 madaktari waliona watu wa vijiji hivyo wanakufa kwa wingi wa mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, ambayo kwingine duniani inafahamika zaidi kwa wafanyakazi wa asibesto. Asibesto haikuwa maelezo ya kutosha. Kilichokuwepo ni erionaiti. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Ugonjwa wenyewe unakawia, unaweza kuja miaka 30 au 40 baada ya kuvuta vumbi, kwa hiyo anayesaga leo hataona kitu leo.

Sisemi kwamba jiwe jeupe la korongoni kwenu lina erionaiti. Linaweza kuwa chokaa tu. Lidondoshee siki, likitoa mapovu ni chokaa. Linaweza kuwa filipsaiti safi. Ninachosema ni kwamba kwa macho huwezi kutofautisha, wala mimi siwezi, wala muuzaji hawezi. Jiwe likilala mahali pake halina fujo kubwa. Kinu ndicho kinacholigeuza kuwa vumbi, na kwenye kinu ndipo wanakokaa vijana, na watoto wanaoletewa uji. Kitambaa cha mdomoni hakizuii nyuzi hizo.

Kwa kikundi chenye mpango wa kinu: hela za kinu zibaki kwenye akaunti. Chukueni vipande vitano vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja kutoka sehemu tofauti ya korongo, kwa sababu ya zile pete. Lowesheni kabla ya kugonga, msivunje kwa nyundo mkavu. Kila kipande kwenye mfuko wake wa plastiki, na karatasi ya mahali na kina. Nileteeni ofisini, nitaandika barua ya kuvipeleka Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Tutaomba mambo mawili: kipimo cha eksirei kinachotaja madini kwa majina, na kipimo cha chembe zilizomo, sodiamu ikiwa ya kwanza. Udongo wa mashamba tutaupeleka TARI Mlingano kwa safari hiyo hiyo.

Kwa anayetaka kununua mfuko wa duka: mwulize muuzaji karatasi yenye aina ya zeolaiti, uwezo wa kubadilishana chembe, na sodiamu. Mfuko ulioandikwa "madini ya volkano, asili 100%" haujakuambia kitu.

Na urea ya msimu huu, kwa watu wa udongo wa magadi, isingoje zeolaiti. Udongo wenye pH kubwa unaigeuza urea iliyomwagwa juu kuwa gesi ya amonia, inaondoka na upepo. Ifukie sentimita 5 hadi 8, igawe mara mbili au tatu, na umwagilie siku hiyo hiyo. Ukiinusa asubuhi shambani, ujue imeshaanza kuondoka.